Abiria Niliyemvusha Leiden

Assia alinituma ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

"Kaka, fika kwa yule Mukongomani mwenye duka nyuma ya gare ya treni. Mwambie zile kavu kabisa. Mutoto anazitaka." Akajishika tumbo, akacheka. Mimba ilikuwa imetimiza miezi yake, tulikuwa tunangoja siku tu.

Mji wenyewe unaitwa Leiden, uko Uholanzi. Nilikuwa mgeni wa dada yangu, na kwa siku chache nilikuwa nimeuzunguka karibu wote kwa baskeli ya shemeji yangu Régis, ile ndefu nyeusi isiyo na breki ya mkono. Ukitaka kusimama unarudisha pedali nyuma. Na mtu asinifundishe baskeli! Mimi ni taksi-velo wa Buyenzi, Bujumbura. Nimepakia watu tangu sijaota ndevu. Darasani sikukaa, nilichojua nimejifundisha mwenyewe, na njiani sidanganyi mtu. Ukisema Kigobe, nakufikisha Kigobe.

Waholanzi lakini walinichosha. Nikipunguza mwendo nitazame kinu cha upepo, kengele nyuma yangu, kring, kring! Bibi mzima mwenye mvi ananipita huku ananigombeza. Na mimi namrudishia kwa Kiswahili mpaka anakata kona.

Mji huo ni maji matupu. Mfereji, daraja, nyumba. Mfereji tena, daraja tena. Assia aliupenda kwa sababu hiyo.

"Hapa maji yamenizunguka, kaka. Nalala."

Nilijua anachosema. Kwetu alikuwa mchumba wa Tajudini, jirani yetu. Wiki ya harusi akamwacha, akamfuata Régis Ulaya. Siku hiyo mama yake Tajudini alisimama mlangoni petu, mtaa mzima unatazama. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo tu: "Mutoto atakayemuzaa ni wangu. Nitamufuata." Watu wa Buyenzi wanaamini kitu cha namna hiyo hakivuki maji peke yake. Kinangoja mtu wa damu yako akivushe. Halafu huyo mama akafa, Ramadhani iliyopita. Tukasema yamekwisha. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake.

Basi, ndagala nilizipata. Mkongomani alizifunga kwenye nailoni mbili, nikazitundika mbele kwenye usukani. Nje giza lilikuwa linaingia, saa ambayo kwetu watu bado wako sokoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mfereji, na baridi ilikuwa inauma meno.

Nikapanda. Nikakanyaga mara mbili, tatu...

Kwiii.

Chuma cha nyuma kililia. Mtu amekaa.

Vijana wa kule wana mchezo huo, wanarukia baskeli ya mwenzao ikiwa inakwenda. Damu ikanipanda.

"Ewe! Shuka! Mi siko kazini!"



Nikageuza kichwa. Nyuma hapakuwa na mtu. Taa za barabara, ukungu, basi.

Lakini baskeli ilikuwa nzito. Mtu wa taksi-velo anasoma uzito kwa mgongo, hahitaji macho. Najua aliyekaa upande, najua anayeogopa, najua aliyelewa. Na nyuma yangu palikuwa na mtu, amekaa upande, ameegemea kushoto kidogo kama anayeumwa nyonga.

Kukawa na harufu. Ndagala, nikajiambia, si nimezibeba? Ndagala na mawese ya moto.

Mawese sikununua.

Kidole kikanigonga ubavu wa kuume. Taratibu. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshakata kulia, mwili ulikata wenyewe. Tukapanda daraja. Juu kabisa ya daraja ule uzito ukatoweka, kama mtu aliyebana pumzi na kukunja miguu. Tukashuka upande wa pili, ukarudi. Mzito zaidi.

Kidole tena, ubavu wa kushoto. Daraja jingine.

Kwenye taa nyekundu nilisimama kando ya mwanamke aliyempakia mtoto kwenye kiti chake kidogo. Yule mtoto alitazama nyuma yangu. Mdomo ukamtetemeka, akaangua kilio. Mama yake akageuka aone kuna nini. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomsalimia mzee.

Hakunisalimia mimi.

Taa ikawa kijani. Mbele palikuwa na mwinuko mdogo, na nyuma yangu mtu akashusha pumzi: "Eeeh..."

Pumzi hiyo naijua. Kila jioni nilikuwa namtoa sokoni na kapu lake la ndagala, na kila tukifika penye mwinuko alishusha pumzi hivyo, kama ni yeye anayekanyaga. Njia alikuwa ananionyesha kwa kidole ubavuni. Nyonga ilikuwa inamsumbua. Mabega yangu yalimbeba mpaka kaburini, mgongo wangu utamkoseaje?

"Mama Tajudini?" Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Twende, mwanangu. Usikawie."

Nikasoma Ayatul Kursiy. Ulimi ulikuwa mzito lakini niliimaliza yote, neno kwa neno. Nilipofika mwisho, nyuma ya sikio langu, kwa upole:

"Amina."

Ndipo nikaona tulipo. Daraja la mwisho. Ng'ambo yake ni nyumba ya Assia. Kule watu hawafungi mapazia. Nilimwona dada yangu dirishani, mkono kiunoni, anakoroga chungu.

Nikarudisha pedali nyuma kwa nguvu zangu zote. Baskeli ikasimama, tairi la mbele linagusa daraja.

"Vuka," akasema.

"Apana."

"Madaraja mengi umeishanivusha. Imebaki hii moja."

"Mama, mi nasema mbele ya mutu, sifichi. Hapa sikuvushi."

"We ulishawahi kunishusha njiani?"

"Apana."

"Basi?"

Chuma cha nyuma kilikuwa kinalia polepole, kwii, kwii, kama mtu anayeweka kanga yake vizuri kabla ya kushuka.

Mlango wa Assia ukafunguka.

"Kaka? Unaongea na nani huko?" Akatoka na malapa, tumbo mbele, anakuja darajani. "Leta basi, nimeisha weka maji motoni!"

"Rudi ndani!"

"Nini?"

"Rudi ndani, we malaya! Usinikaribie!"

Sijawahi kumtukana dada yangu hivyo. Madirisha mawili yalifunguka. Assia alisimama katikati ya daraja, uso umemshuka, halafu akageuka, akaingia, akafunga mlango. Nilisikia ufunguo.

Nyuma yangu mtu alicheka kidogo.

"Sasa?"

"Sasa nakurudisha kwako. Buyenzi. Mutoto umuache."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Maji ya mfereji yalikuwa yanagonga ukuta. Mwisho akasema:

"Geuza."

Sikulala kwa Assia tena. Mkongomani alinipa godoro, Régis akaniletea sanduku, hataki hata kunitazama. Baskeli nikamwachia palepale dukani. Kesho yake nikabadilisha tiketi. Kwenye ndege ya Brussels kiti cha kando yangu kilibaki kitupu, na ndege imejaa. Msichana wa vinywaji alinipa juisi, akainama kuelekea kile kiti. "Na mama," akaniuliza kwa Kifaransa, "yeye atakunywa nini?"

Nikamwambia maji.

Buyenzi nilitoa baskeli yangu nyumbani. Nilipoipanda tu, ikawa nzito. Nikaenda moja kwa moja mpaka mlango wa marehemu, kama nilivyoapa.

"Mama, tumefika."

Hakushuka.

Toka hapo kazi imekufa. Mteja anakuja mbio, ananyoosha mkono, akifika karibu anarudi nyuma. "Ah, pardon. Una mutu tayari." Idi, tunayepaki naye pamoja, mwanzoni alikuwa anachekelea: "Moubarak ameoa, anatembeza bibi mpaka usiku!" Siku moja upepo ulivuma kutoka upande wangu, akanusa. Hakurudia mzaha huo. Siku hizi anapaki mbali.

Shangazi Khadidja, anayejua mambo haya kuliko anavyokubali kusema, alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Uliapa kumurudisha," akasema. "Yeye aliapa nini?"

"Aliniambia nigeuze."

"Kumuacha mutoto, alikubali?"

Nikatikisa kichwa.

"We na hasira zako." Akarudi kwenye mchele wake.

Assia alijifungua salama, mtoto wa kiume. Nilimpigia simu nikamweleza yote, sikuficha neno. Nikamwambia: Bujumbura usije, usije kabisa, hapa hakuna mfereji wa kukukinga. Akanisikiliza.

"Umemaliza?" akasema. "Ulinitukana mbele ya majirani, sasa unasingizia marehemu. Haya hauna?" Akakata.

Nikaona bora nitoke mjini. Nilihamia Ruziba kwa binamu yetu mmoja anayelima nyanya. Baskeli sikuiuza. Ningemuuzia nani, na huyo nyuma? Kila jioni naipanda, naizungusha kando ya ziwa, nijue tu kwamba yuko. Uzito ukiwepo, najua kule Leiden hayupo.

Jumapili, jua linaelekea kuzama, nilikuwa juu ya baskeli, mguu mmoja chini, napumzika. Teksi ikasimama kwenye vumbi. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Assia.

"Unashangaa nini?" Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ulidhani utajificha huku? Miezi yote hii nimekasirika, nimechoka. Kaka ni kaka. Nimekuja umuone mupwa wako."

"Assia, rudi kwenye gari."

"Unaanza tena?"

"Rudi kwenye gari!"

"Tukana tena, nimezoea." Akawa anakuja, mkaidi kama mimi, mtoto amembeba mbele amefunikwa kitambaa cheupe. Nilitaka kukanyaga nikimbie. Pedali ilikataa, kama imefungwa kwa mnyororo. Alifika mpaka mbele ya usukani, akafunua kitambaa.

Mtoto mzuri. Macho makubwa. Alinitazama kidogo tu, halafu akanipita kwa macho, akatazama juu ya bega langu. Uso wake ukachangamka. Akacheka kile kicheko cha watoto wanapomwona mtu wao.

Akanyoosha mikono yote miwili, abebwe.

"Ona," Assia akasema, "anakupenda."

Nyuma yangu chuma kililia mara moja.

Baskeli ikawa nyepesi.