Viatu Vigumu vya Fundi Soli

Jirani zangu, wake kwa waume, na nyinyi vijana mnaojifanya hamsikii, sogezeni masikio. Nina habari ya nyumba moja, na kwa kuwa mimi ni bibi yenu sitawatia presha: imeishia pazuri. Lakini ilipita ukingoni kabisa mwa shimo, ndiyo maana naiandika. Wenyewe wamenipa ruhusa, na mengine ni wao walionisimulia.

Katika ua wetu, chumba kinachotazama barabara ni cha Fundi Soli, mshona viatu. Benchi lake liko barazani, na kalibu zake, zile mbao zenye umbo la mguu, zimetundikwa ukutani jozi kwa jozi. Mkewe tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa ndiye aliyeshona ngozi ya juu huku mumewe akigonga soli. Walifanya kazi wamepeana migongo, wakitaniana bila kugeuka.

Fundi alikuwa na majivuno yake. "Nipe kiatu chako kikuukuu nikwambie unatembeaje," alikuwa akisema. Na kweli, alitazama ndara yangu siku moja akaniambia goti langu la kulia linauma, jambo nililokuwa nimemficha hata binti yangu.

Sindano aliposhika mimba, nilipita kila asubuhi kumtegea.

"Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Nina mgeni. Namlisha, namtembeza, ananipiga mateke, na sura yake siijui."

Akacheka, mkono tumboni. Fundi, misumari mdomoni, akadakia, "Huyo mgeni aje tu. Kiatu chake cha kwanza kitakuwa cha ngozi laini kama shavu lako, bibi."

"Shavu langu lina mikunjo, mjukuu wangu. Tafuta ngozi nyingine."

Ndivyo tulivyokuwa. Kisha wakaenda kliniki kupiga picha ya tumbo, ile ya ultrasaundi, na waliporudi hawakuwa wanatembea pamoja. Mume mbele, mke nyuma, na barazani hakuna aliyemjibu mwenzake.

Kule kliniki muuguzi alikuwa amewaonyesha mtoto kwenye kioo. Akawaambia, "Anakua vizuri, moyo wake hauna shida. Ila nyayo zake zote mbili zimegeukia ndani. Tunaita mguu kifundo. Si kosa la mtu, na inatibika. Akizaliwa mleteni mapema, tutamnyoosha kidogo kidogo kwa plasta."

Maneno yote yale, Fundi aliondoka na mawili tu: zimegeukia ndani.

Walipofunga mlango akasema, "Hili lisitoke humu."

"Kwa nini?" Sindano akauliza.

"Kwa nini? Mimi ni fundi viatu. Watu watasema amewavalisha wote, wa kwake hana mguu wa kuvalia. Nani atakaa tena kwenye benchi langu?"

"Na kliniki je?"

"Kliniki basi. Ukionekana unafuatilia habari za miguu kule, umeshajulikana. Utajifungulia hapa. Mama atakuja."

Basi Sindano akatolewa barazani. Tulipouliza, tuliambiwa amechoka. Tulipopeleka uji, ulipokelewa mlangoni na mlango ukafungwa.

Mama mkwe akaja na mfuko wake. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa vibaya na waliomtangulia. Hata maji hajanywa, akakaa kitandani na kuuliza, "Mkwe wangu, ulimcheka nani mwenye kilema?"

"Sikumcheka mtu, mama."

"Kumbuka vizuri. Upande wetu miguu yote imenyooka."

Mtu akiambiwa hivyo, ndugu zangu, huanza kujipekua. Sindano alikaa anapanga kichwani kila aliyewahi kumcheka tangu utotoni. Hakumpata mtu. Alimpata kuku mmoja wa kwao aliyekuwa akichechemea, na tangu hapo yule kuku hakumpa usingizi.

Na Fundi? Fundi alikuwa anashona. Alihamishia benchi ndani, na nyundo tukawa tunaisikia ukutani. Alikuwa na hesabu yake ya kifundi. Ngozi kavu iliyopinda, huilowesha, ukaivuta juu ya kalibu, ukaipigilia misumari, ikikauka imenyooka. Sasa mguu wa mtoto mchanga si laini kuliko ngozi? Akamwambia mkewe, "Ngozi haijawahi kunishinda. Siku ile ile akizaliwa nitamvalisha, nitakaza, na kabla watu hawajaja kumwona atakuwa amenyooka."

Msimcheke. Alimpenda mtoto yule kabla hajamwona. Lakini mapenzi yakilala kitanda kimoja na aibu, huzaa ujinga.

Asubuhi moja nilipeleka ndara yangu imekatika mkanda. Fundi alikuwa ameenda kununua gundi, na mama mkwe alikuwa bafuni. Nikamkuta Sindano ameketi sakafuni, kiatu kidogo mapajani. Kizuri kwa kukitazama. Nyuzi zimelala sawasawa, ngozi inang'aa. Lakini soli yake ni ubao, na pembeni mna vipande vya bati na mikanda ya kukazia.

"Bibi, ingiza kidole chako," akasema.

Nikaingiza. Akakaza mkanda tundu moja. Akakaza la pili, nikakiomba kidole changu kirudi.

"Hiki ni cha nani?"

Hapo ndipo aliponimwagia yote, kuanzia picha mpaka kuku. Nikamwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Mimi nazaa, bibi. Ila nazaa nikiwa nimefichwa."

Nikamtegea kingine. "Kinaingia kila chumba na hakipigi hodi."

"Maneno ya watu," akasema pale pale.

"Umekipata. Sasa wewe unakiogopa kikiwa nje au kikiwa ndani?"

Akafungua ule mkanda. Nilimwambia niko tayari kumkalisha mumewe chini nimseme mpaka masikio yamwashe. Akatikisa kichwa. "Ukisema wewe, atasema nimemtangaza. Lakini mtoto akivalishwa hiki, miguu yake imekwisha, bibi. Mtoto ni wangu. Nitasema mwenyewe."

Kesho yake bomba la uani lilikuwa limejaa wanawake na ndoo zao. Bi Mikate naye alikuwepo, yule anayetuuzia mikate akizunguka na sinia kichwani mtaa hadi mtaa, mchana kutwa. Mlango wa Fundi ukafunguka. Tumbo likatoka kwanza, Sindano akafuata, na nyuma yake mama mkwe akimvuta nguo.

"Rudi ndani, mkwe."

"Nitarudi, mama. Nikimaliza." Akasimama katikati ya ndoo. "Jamani, nawaambia mimi kabla hamjaambiana. Mtoto wangu ana nyayo zilizogeukia ndani. Wameziona kwenye picha. Mume wangu anaona haya, mama anasema nilimcheka mtu. Mimi sina haya. Mimi naogopa asije akakosa matibabu, basi."

Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ikajaa, ikamwagika, hakuna aliyefunga maji.

Mmoja wetu, simtaji, akaguna. "Mh. Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?" Bi Mikate akauliza.

"Si nasema tu."

"Malizia basi, tunakusikiliza." Akatua sinia lake kando ya ukuta. "Au nikumalizie mimi? Mimi nilizaliwa hivyo hivyo. Nyayo zangu zilikuwa zinatazamana kama watu wenye ugomvi. Mama yangu akanibeba hospitali ningali mchanga. Nikafungwa plasta, ikatolewa, nikafungwa nyingine, hivyo hivyo mpaka zikapatana. Mnashangaa nini? Mikate mnayokula kila siku mnadhani inaletwa na miguu ya nani?"

Kisha akageukia dirisha la chumba cha mbele. "Fundi, najua uko hapo nyuma ya pazia. Niambie, kiatu changu cha kushoto unakishona sawa na cha kulia?"

Sauti ikatoka dirishani, na ilikuwa sauti ya kazi, maana fundi akiulizwa kazi yake hawezi kujizuia. "Cha kushoto ni kidogo. Kwa upana wa kidole."

"Miaka yote hiyo hukuuliza kwa nini."

"Nilidhani uliungua utotoni."

"Sikuungua. Huo ndio mguu uliobaki mdogo kidogo baada ya kunyooshwa. Haujaniuma, haujanichelewesha."

Fundi akatoka, nyundo ingali mkononi. Huyu ndiye anayesoma kiatu cha kila mtu, na hiki alikuwa amekishona mara ngapi bila kukisoma. Akachuchumaa akatazama miguu ya Bi Mikate kama anayeiona leo.

"Tembea kidogo, dada."

Bi Mikate akajitwika sinia, akaenda hadi lango akarudi, mikono kiunoni, mkate hata mmoja haukutikisika. Alipofika mbele ya Fundi akazunguka mara moja, kwa maringo tu. Wanawake wakacheka, na Sindano akacheka nao. Kicheko hicho tulikuwa hatujakisikia siku nyingi.

Fundi akaingia ndani, akatoka na vile viatu ndani ya mfuko. "Twende," akamwambia mkewe.

"Wapi?"

"Kliniki. Nataka waniambie kama nimekosea."

Safari hii walitembea sambamba.

Muuguzi alikuwa yule yule. Akakigeuza kile kiatu, akapapasa mishono. "Umeshona vizuri."

"Asante."

"Na ungemvalisha, ungemvunja." Fundi akakaa chini bila kuambiwa. Muuguzi akaendelea kwa upole, "Hebu nifundishe. Ngozi ukiivuta yote kwa siku moja inakuwaje?"

"Inachanika."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Unavuta kidogo, unaiacha ilale. Inazoea. Unavuta tena."

"Basi na sisi ni hivyo hivyo, isipokuwa mguu una mishipa na mifupa michanga. Tunanyoosha kidogo kwa mkono, tunafunga plasta uzoee, wiki inayofuata tunafungua, tunaongeza. Taratibu, na kwa anayejua pa kushika."

Fundi akafuta uso kwa mkono wenye gundi, akabaki na doa kwenye paji la uso, na hakuna aliyemwambia. Sindano naye alikuwa na swali lake, akaliuliza kwa sauti ndogo. "Dada, na kama mtu alimcheka kuku?"

"Kuku?"

"Aliyekuwa anachechemea. Nilikuwa mdogo."

Muuguzi akajitahidi asicheke, akashindwa. "Haitokani na kumcheka mtu, wala kuku, wala chochote ulichofanya. Mara nyingi hata sisi sababu hatuijui. Tiba yake ndiyo tunayoijua. Nenda ukalale usingizi wako."

Na alilala, jamani. Alilala mpaka mama mkwe akaingia mara mbili kumtazama kama yuko salama.

Mtoto akazaliwa kule kule kliniki, wa kike, nyayo zake vile vile kama picha ilivyosema. Lakini aliwakuta wazazi waliokwisha kumjua na kumngoja, na siku zake zikiwa bado chache akafungwa plasta ya kwanza. Ilikuwa kubwa kuliko yeye. Kila wiki wakaenda, na kila wiki wayo ukawa umesogea. Mwishoni daktari akamkata kidogo nyuma ya visigino, mahali panapokaza, kisha akavalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma ili miguu isirudi ilikotoka. Mchana na usiku mwanzoni, baadaye wakati wa kulala tu, kwa miaka.

Fundi alipokiona kile chuma vidole vilimwasha. "Hapa ningepunguza kidogo," akaanza kusema.

"Fundi," muuguzi akamkatiza, "mikono mfukoni."

Akaitia mfukoni. Barazani, benchi likiwa limerudi mahali pake, mteja akiuliza mtoto ana nini, alijibu mwenyewe bila kupunguza sauti, "Mguu kifundo, anatibiwa." Akaendelea kugonga. Wateja hawakukimbia. Waliongezeka, na baadhi walikuja na maswali mengi kuliko viatu.

Aliyekuwa mgumu ni mama mkwe. Mtoto akililia kile chuma, alitaka kukifungua. Sindano akamshika mkono. "Mama, ukimhurumia leo, kesho atarudi kulekule. Acha avae, aje kukuamkia kwa miguu yake." Yule mama akauachia mkanda. Kisha akasema, "Mkwe wangu, nilikuuliza swali baya siku ile nilipofika." Sindano akamjibu, "Limepita, mama." Tangu hapo bibi mtu ndiye akawa askari wa vile viatu. Hata baba mtu hakuruhusiwa kugusa mkanda.

Sasa yule binti anatembea. Sisemi anatembea tu, anatoroka. Juzi mteja alikuja kuchukua viatu vyake, akakabidhiwa kimoja.

"Na cha pili, fundi?"

"Kimeondoka na mwenye miguu," Fundi akasema, na akainuka kumfuata mwanawe barabarani, akicheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni.

FUNZO

Ndugu zangu, mtoto kuzaliwa na mguu uliogeuka si laana, si adhabu, na si kosa la mama yake. Anayemuuliza mjamzito alimcheka nani, anamtwisha mzigo juu ya mzigo. Ukikosa neno la kumfariji, mtekee maji au umwoshee vyombo.

Kilichotaka kumharibu mtoto wa Fundi Soli hakikuwa ule mguu, maana ule ulikuwa na tiba yake. Ilikuwa ni aibu, ambayo humfungia mtu ndani hadi muda wa tiba unapita. Na ujuzi wako wa kazi moja, hata uwe fundi wa kusifiwa, usiufanye daktari wa kila kitu. Baba, ukiambiwa jambo kliniki, sikiliza mpaka neno la mwisho. Lile ulilolikosa huenda ndilo lenye nafuu.

Wenye mimba, nendeni mkapimwe. Mkiambiwa kuna kasoro, ulizeni inatibiwaje na inaanza lini, kisha mwende mapema, na mkianza msikatishe kwa sababu mtoto analia. Analia leo akiwa mikononi mwenu, mnaweza kumbembeleza. Akija kulia ukubwani kwa jambo mlilolificha, mtambembeleza kwa lipi?