Federer Hatapanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Naanyu Sendeka alifagia kibanda umiza cha mama yake mdogo, kando ya barabara kuu inayopita Mikumi. Ni kibanda ambamo watu hubanana kwenye mabenchi kutazama mpira wa miguu kwenye televisheni, na wakiondoka huacha maganda ya karanga kila mahali. Naanyu aliyaokota, akapanga mabenchi, akanyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ili vumbi litulie. Wazazi wake walikuwa mbali na mifugo yao, upande wa Mvumi. Yeye aliishi na mama mdogo Neema ili awe karibu na shule.

Mpira wa miguu ulivuta watu jioni. Mchana kibanda kilikuwa kitupu, na mama mdogo aliacha televisheni ionyeshe chochote. Mara nyingi hicho chochote kilikuwa tenisi. Mwanzoni Naanyu hakuelewa kwa nini pointi zinaruka kutoka kumi na tano hadi thelathini. Alipoelewa, hakubanduka tena. Alijua nani anapiga kwa mkono wa kushoto, nani huvunja raketi akikasirika, na nani huwa hatari zaidi watu wanapodhani ameshashindwa.

Shuleni kwao kulikuwa na klabu ya tenisi, ingawa vifaa vilikuwa vya kuungaunga. Raketi za kweli zilikuwa mbili tu. Nyingine zilikuwa vibao alivyovichonga fundi seremala, na wavu ulikuwa viroba vilivyoshonwa pamoja na kufungwa kwenye nguzo za netiboli. Kwa hiyo Mwalimu Regina, mlezi wa klabu, alipotangaza kwamba kuna mgeni atakuja Ijumaa na raketi mpya na wavu wa kweli, watoto walipiga kelele hadi darasa la jirani likachungulia.

"Mgeni wetu anaitwa Bwana Zabron," alisema mwalimu. "Alisoma hapa hapa, sasa anaishi Kilosa mjini. Nataka akute gazeti la ukutani kuhusu tenisi. Naanyu, wewe unaongelea tenisi hata kwenye foleni ya uji. Tuandikie wachezaji watano bora wa kiume wa wakati wote, na utoe sababu zako."

Naanyu aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Aliazima simu ya mama mdogo, akasoma, akalinganisha, akafuta na kuandika upya. Mwishowe aliandika kwenye karatasi ya manila: wa kwanza Djokovic, wa pili Nadal, wa tatu Federer, wa nne Sampras, wa tano Laver. Chini ya kila jina aliweka sababu. Mwisho kabisa akaandika jina lake.

Alhamisi mchana Emanueli, mwenyekiti wa klabu, alimkuta Naanyu akibandika kazi yake ukutani. Emanueli alikuwa wa darasa la saba, na hakuna aliyemfikia kwa kucheza.

"Badilisha hapo juu," alimwambia. "Nimesikia mgeni anampenda Federer kupita kiasi. Mweke wa kwanza."

"Kwani mgeni ndiye aliyeandika?"

"Naanyu, acha ubishi. Ni jina moja tu. Ukimuudhi, atarudi na raketi zake."

"Basi arudi nazo."

Emanueli alikunja uso. "Wewe unasema hivyo kwa sababu una miaka mingine hapa. Mimi namaliza mwaka huu. Sijawahi kucheza mechi nzima nikiwa nimeshika raketi yenye nyuzi nzima. Unalijua hilo?"

Naanyu alimtazama, akamwonea huruma. Lakini aliitazama pia kazi yake. "Nalijua. Ila nimeulizwa nani bora, na hili ndilo jibu langu. Siwezi kusema uongo halafu niandike jina langu chini yake."

"Una shingo ngumu kama nini!"

"Ndiyo, ni ngumu," akajibu, akaendelea kupaka gundi.

Ijumaa, gari la Bwana Zabron liliingia shuleni likiwa limejaa tope la barabara inayopita kijiji cha Ulaya. Wanaklabu walijipanga mbele ya ukuta. Mgeni alisalimiwa, akatembezwa, kisha akasimama kusoma gazeti. Ghafla uso wake ukachangamka.

"Federer wa kwanza!" alisema kwa sauti. "Kumbe Mikumi kuna watu wanaoijua tenisi! Naanyu Sendeka ni nani?"

Watoto walipiga makofi. Naanyu alisogea mbele, akatazama ukutani, akahisi damu inampanda kichwani. Karatasi haikuwa yake. Mwandiko haukuwa wake. Mtu alikuwa ameibandua kazi yake, akabandika nyingine, na chini yake akaandika jina la Naanyu. Alimtafuta Emanueli kwa macho. Emanueli alikuwa anatazama viatu vyake.

Angeweza kunyamaza. Makofi yalikuwa yanaendelea, na raketi zilikuwa kwenye gari.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana."

"Samahani, baba. Pongezi hizo si zangu. Jina ni langu, lakini hii si kazi yangu. Mimi nilimweka Federer wa tatu."

Makofi yalikatika. Mwalimu Regina alishika shavu. Tabasamu la mgeni likafifia taratibu.

"Wa tatu?"

"Wa tatu, baba."

"Sikiliza, binti. Mimi nimemtazama Federer tangu wewe hujazaliwa. Hakuna mtu aliyepiga mpira kwa uzuri ule."

"Nakubali, baba. Kwa uzuri, hata mimi ningemweka wa kwanza. Wakirudia mechi zake nasahau hata nilichotumwa dukani. Lakini sikuulizwa nani anapendeza, niliulizwa nani bora." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kwenye yale mashindano makubwa manne, Federer ana mataji ishirini. Djokovic ana ishirini na manne. Nadal ana ishirini na mawili, na kumi na manne kati ya hayo ni ya Ufaransa. Na kila mmoja wao, alipokutana na Federer, alimshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa naye."

Bwana Zabron alikunja mikono kifuani. "Na Laver ulimweka wapi?"

"Wa tano. Ana mataji kumi na moja."

"Unajua kwa nini ni kumi na moja? Enzi zile mchezaji aliyelipwa kwa kucheza alizuiwa kuingia kwenye mashindano hayo. Laver alikaa nje kwa zaidi ya miaka mitano. Kabla ya kuzuiwa alichukua mataji yote manne kwa mwaka mmoja. Aliporuhusiwa, akayachukua yote manne tena kwa mwaka mmoja. Haya, niambie, hesabu yako inasemaje hapo?"

Wote walikuwa wanamwangalia Naanyu.

"Sikulijua hilo," alisema. "Basi hapo nimekosea. Nitalichunguza, na nikilikuta ni kweli, Laver atapanda. Lakini Federer hatapanda kwa sababu wewe unampenda, baba."

Mtoto mmoja aliguna kwa hofu. Bwana Zabron hakucheka wala hakukaripia. Aligeuka kuwatazama wanaklabu wote.

"Nani aliyeandika karatasi hii?"

Emanueli alichukua muda kuinua mkono. "Mimi. Niliogopa ungeondoka na raketi."

"Kumbe mlinidhania hivyo?" Sauti ya mgeni ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Mimi nilijifunza kwa kibao, kwenye uwanja huu huu. Raketi nimezileta mcheze. Sikuzileta ili mkubaliane nami." Akamrushia Emanueli ufunguo. "Kazishushe. Wewe, binti, bado hujanishawishi. Nitarudi tubishane."

"Karibu sana, baba," alijibu Naanyu.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Regina alimwagiza Emanueli aibandue karatasi ile kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia aandike orodha yake, kwa maoni yake, na jina lake. Emanueli alimwendea Naanyu, akamwomba radhi mbele ya wenzake. Naanyu alikuwa bado amekasirika, na hakuficha. Lakini alimpa mkono.

Jumatatu Naanyu alibandika karatasi mpya. Alikuwa amechunguza habari za Laver na kukuta kwamba mgeni alisema kweli. Laver alikuwa amepanda hadi nafasi ya tatu. Emanueli alisoma, akashika kichwa.

"Naanyu! Sasa Federer ni wa nne! Akirudi yule mzee tutamwambia nini?"

"Tutamwambia hoja ni yake mwenyewe," alisema Naanyu.

Mwalimu Regina, aliyekuwa nyuma yao, alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akawaita wanaklabu wote karibu.

"Watoto wangu, mtu mbishi na mtu mkweli wote hukataa kubadilika, ndiyo maana watu huwachanganya. Mwenzenu alikataa kugeuza maneno yake kwa ajili ya zawadi, kwa kuogopa mgeni, hata kwa kumwonea rafiki huruma. Lakini alipoonyeshwa kosa lake, alilikubali hapo hapo, mbele za watu. Jina lako ukiliandika chini ya jambo, hakikisha unaliamini. Na likithibitika si kweli, uwe wa kwanza kulirekebisha. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Haya, chukueni raketi. Emanueli, nenda upande ule. Naanyu, wewe ndiye unayeanza kupiga."