Sauti Iliyobaki Mnarani

Aliyefunga antena za zahanati ni shemeji yangu, mume wa dada, na mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Asubuhi ilianza vizuri tu: jua, chai, na shemeji akinitania kwamba nimeing'ang'ania ngazi kana kwamba itakimbia.

Dada ni mkunga pale. Kwa mtambo wa zamani wa redio, daktari wa hospitali kuu akisema, wewe unangoja. Mzazi mmoja alimfia dada mikononi katika kungoja huko. Mtambo mpya ungeruhusu kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Na wodini tayari palikuwa na mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya.

Antena za mnarani zilikuwa mbili, ya kurusha na ya kupokea. Kazi ni kuizuia ya kupokea isimsikie jirani yake. Shemeji akazitenganisha, akazipishanisha, akaweka bati katikati. Wapi! Kila alipojaribu kipaza sauti, spika ya wodini ilimrudishia kupitia dirishani sauti yake mwenyewe: "Mnanisikia?" Akakaza, akalegeza. "Mnanisikia?" Mchana ukaenda hivyo. Nilitamani kuupiga mnara teke.

Nikazima swichi ya kurusha, pale chini ya mnara. Spika ikasema tena: "Mnanisikia?"

"Shemeji, umesema kitu?"

"Hata mdomo sijafungua," akanong'ona.

Dada akatokea mlangoni, mikono ina damu. "Mume wangu, nipatie daktari. Nakuomba."

Shemeji akaikamata ile antena ya kupokea kwa hasira. "Unaitaka sauti yangu? Ichukue! Kaa nayo!"

Mwangwi ukakatika.

Kisha daktari akasikika, waziwazi. Dada akamjibu, wakasemezana bila kungojana. Mtoto akazaliwa mzima. Swichi ya kurusha sikuwa nimeiwasha.

Shemeji akashuka. Nikampa hongera. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Madaktari wamemchungulia koo, hawaoni kasoro. Inaniuma. Inaniudhi! Mtu aliyekuwa na maneno kama cherehani, leo anaomba chumvi kwa kidole.

Siku moja dada alikuwa akikunja mashuka wodini. Spika ikamwita kwa jina ambalo mumewe humwita wakiwa wawili tu. Ikauliza, taratibu: "Unanisikia?"

"Nakusikia," dada akasema.

Siku hizi chakula cha mchana anakula chini ya spika ile, akicheka peke yake. Shemeji anakula nyumbani, sahani moja. Waya wa spika nilishaukata mwenyewe, na bado inamjibu. Ninao hapa mfukoni.