Viatu vya Kwanza vya Kiroboto

Mama Soli alikuwa fundi wa viatu. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana. Humo mlikuwa na kigoda, nyundo, misharasi ya kushonea, na chuma cha kugongea chenye umbo la wayo. Harufu ya gundi ilianza asubuhi na haikuondoka hadi milango ifungwe. Viatu vya wateja vilipangwa rafuni, na Mama Soli alimjua kila mtu kwa soli yake.

"Huyu hukanyaga kwa ndani," alisema akigeuza kiatu. "Na huyu huburuta mguu wa kushoto. Akija kuchukua, mpeni kiti kwanza."

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alirudi kutoka kazini jua likiwa juu, unga umemkaa kwenye nyusi. Walikuwa na binti mmoja wa miaka minane. Shuleni alikuwa na jina lake zuri, lakini nyumbani aliitwa Kiroboto, kwa kuwa hakujua kutembea. Alijua kuruka tu. Akitumwa chumvi, aliruka kwenda na kuruka kurudi, na chumvi nusu imebaki njiani.

Jumamosi moja, darasa jipya lilifunguliwa kwenye ukumbi wa shule. Lilikuwa darasa la baleti. Hii ni ngoma inayochezwa mgongo umenyooka, kwa hatua za uangalifu, na mikono laini kama ya mtu anayetandaza kitambaa chepesi juu ya meza. Kiroboto alikuwa amewahi kuiona kwenye televisheni. Alimwona mwanamke amesimama kwenye ncha za vidole vya miguu, anazunguka kama pia. Tangu siku hiyo, naye alitaka kusimama vile.

Lakini alirudi kutoka somo la kwanza uso umemshuka.

"Haya, mchezaji wetu," Mama Soli akamkaribisha. "Mmecheza nini?"

"Tumesimama."

"Mmesimama?"

"Halafu tumekunja magoti. Halafu tumesimama tena."

Baba alicheka hadi chai ikampalia. "Kusimama! Mbona hata kwenye foleni ya maji watu husimama, na hakuna anayewapigia makofi?"

Mama Soli hakucheka. Aliona mdomo wa mtoto ukitetemeka.

"Na ncha za vidole je?" akauliza.

"Mwalimu anasema bado. Bado sana."

Mama Soli akawaza. Labda mwalimu huyo hana viatu vya kazi, ndiyo maana anawasimamisha watoto tu. Basi hilo ni jambo dogo. Yeye si fundi?

Kesho yake alianza kushona. Alibandika vipande vya ngozi ya soli, kimoja juu ya kingine, hadi ncha ya kiatu ikawa ngumu kama jiwe. Juu yake akavisha kitambaa cha waridi kinachong'aa, alichokitoa ndani ya mkoba wa zamani. Kisha akafanya kama alivyomfanyia kila mtoto aliyeletwa kwake. Aliacha nafasi mbele. Wazazi wote humwambia, "Fundi, mtoto anakua, tushonee kiatu cha kukulia." Na nafasi ile hujazwa pamba mpaka mguu uifikie.

Kiroboto alivaa. Akashika rafu, akajivuta, na mara moja akawa juu, mrefu kama mshumaa.

"Mama! Nimefika!"

Mama Soli alijifuta machozi kwa ncha ya aproni. "Usimwambie Mwalimu," akanong'ona. "Tutamshangaza."

Kila siku baada ya shule, Kiroboto alifanya mazoezi kati ya rafu na kigoda. Alianguka, akainuka. Baada ya muda kelele zake zikapungua ndani ya nyumba. Akitumwa chumvi, alienda taratibu na kurudi taratibu.

"Mwanangu amekua," Baba akasema kwa furaha. "Sasa anatembea kama watu."

Hata Mama Soli alifurahi. Chumvi ilikuwa inafika yote.

Kisha ikafika jioni ya kupaka rangi viatu vya shule. Mama Soli aliokota kiatu cha kulia, akakigeuza kama ilivyo desturi yake. Soli ilikuwa imeanza kulika upande wa nje. Ukuta wa kisigino ulikuwa umelala.

"Huyu anakwepa kidole gumba," akasema. "Na kifundo chake kinauma."

Alisema hivyo kama alivyosema juu ya viatu vya wateja wote. Halafu akakumbuka kiatu kile ni cha nani. Brashi ikamdondoka.

"Kiroboto!"

"Abee, Mama."

"Njoo hapa. Vua soksi."

Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba.

"Kinauma tangu lini?"

"Hakiumi sana, Mama."

"Sikukuuliza kama kinauma sana."

Mtoto aliinamisha kichwa. "Umevishona vizuri sana, Mama. Nilidhani mguu wangu ndio mbaya."

Mama Soli alimvuta binti yake, akamkalisha mapajani kama alipokuwa mdogo.

Asubuhi walikwenda zahanati. Muuguzi aliugusa mguu kwa upole, huku akimuuliza Kiroboto habari za shule ili asiogope. Mfupa haukuvunjika. Kucha ingeota upya. Lakini mguu ulitakiwa kupumzika hadi uvimbe uishe kabisa.

Baba aliposikia, hakucheka tena.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akasema. "Baleti imekwisha."

Kiroboto hakulia kwa sauti. Aligeukia ukuta tu, na mabega yake madogo yakawa yanapanda na kushuka. Mama Soli aliona ingekuwa afadhali angelia.

"Baba Kiroboto," akasema, "kosa si la baleti. Ni langu mimi. Acha nikamwone huyo mwalimu."

Mume alimpenda mtoto wake, na hofu ya baba mara nyingi huvaa nguo za hasira.

"Nenda," akasema mwishoni. "Lakini siku ya wazazi kuja kutazama darasa, nitakuja mwenyewe. Nikiona mguu wake una shida tena, iwe mwisho. Hata mje na mashahidi."

Jumamosi, Mama Soli alikwenda ukumbini na viatu vyake vya waridi ndani ya mfuko. Kiroboto alimshika mkono. Mwalimu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye upara, hana viatu miguuni, anafagia sakafu mwenyewe ili watoto wasikanyage kokoto. Mama Soli alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Alieleza yote bila kuficha.

Mwalimu alivipokea viatu kwa mikono miwili. Akaupitisha ukucha juu ya mshono.

"Mshono huu umetulia," akasema. "Una mkono wa subira, Fundi. Ila viatu hivi vimekuja kabla ya wakati wake."

"Wakati wake ni lini, Mwalimu?"

"Baada ya miaka kadhaa ya mafunzo. Mara nyingi si kabla ya miaka kumi na moja au kumi na miwili, na hata hapo siangalii umri peke yake. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inakua. Kifundo lazima kiwe na nguvu, na mgongo na tumbo vijue kubeba mwili. Mimi huangalia mguu wa kila mtoto, mmoja mmoja. Na wako wengi wanaocheza baleti maisha yao yote bila kusimama kwenye ncha za vidole, nao ni wachezaji kamili."

"Kumbe!"

"Na hii nafasi ya mbele, hii pamba," Mwalimu akaendelea, "kwa kiatu cha shule sawa. Kwa baleti ni hatari. Mguu unaogelea ndani, kifundo kinapinduka. Kiatu cha kwanza cha baleti ni laini, kinashika mguu kama soksi, lakini hakikunji vidole. Mtoto aisikie sakafu."

"Na asiye na kiatu hicho?"

"Aje peku, ilimradi sakafu ni safi. Asivae soksi tupu, atateleza. Nguo iwe nyepesi, nione magoti yake. Nywele zifungwe. Anayeanza hahitaji zaidi ya hapo, awe msichana, mvulana, au bibi mwenye wajukuu."

Mama Soli alikuna kichwa. "Mwalimu, usinikasirikie. Hivi kusimama tu kuna nini cha kufundishwa?"

Mwalimu akatabasamu. "Njoo ushike bomba hili."

Ukutani palikuwa pamefungwa bomba refu la kushikia. Mama Soli alivua ndala, akalishika.

"Visigino pamoja. Vidole vitazame nje kidogo tu, usilazimishe. Mguu hugeuka kuanzia kwenye nyonga, si kwenye goti. Sasa refusha shingo, kama mtu anakuvuta utosi kwa uzi. Kunja magoti taratibu, na kila goti liende upande wa vidole vyake. Nyooka. Sasa inua visigino, ubaki kwenye sehemu ya mbele ya wayo. Usianguke."

Mama Soli aliinuka, akayumba kama meza yenye mguu mfupi. Miguu ilimtetemeka. Jasho likamtoka.

"Mama, usibane pumzi!" Kiroboto akamwambia.

"Nyamaza wewe, nitaanguka!"

Wakacheka wote watatu.

"Ndio hapo," Mwalimu akasema. "Hapo ndipo nguvu ya mguu inapojengwa. Mwenda pole hajikwai." Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto. "Na wewe, Kiroboto, sikiliza. Kuchoka ni kawaida. Misuli kuwaka kidogo ni kawaida. Lakini kitu kikichoma, kikivuta, au kikivimba, inua mkono uniambie. Ukinificha, nitakufundishaje? Wengi huacha kucheza kwa maumivu waliyoyaficha."

Mguu ulipokuwa unapona, Kiroboto hakukosa somo. Mwalimu alimpa kiti karibu na dirisha. Akiwa amekaa alijifunza mikono, na alijifunza kuusikiliza muziki.

Nyumbani Mama Soli alishona upya. Alimsimamisha mtoto juu ya karatasi, akachora mguu ukiwa umebeba uzito. Alichagua ngozi laini kama ya glavu. Mara mbili mkono wake ulitaka kuacha nafasi mbele, na mara mbili aliurudisha. Sehemu ya kupita juu ya mguu akashona lastiki ili kiatu kisichomoke. Kiroboto alipovaa, vidole vyake vilionekana vikicheza ndani ya ngozi.

"Vinakubana?"

"Hapana."

"Niambie kweli."

"Kweli, Mama. Kisigino cha kushoto tu, kidogo."

Mama Soli alikifungua kisigino hicho na kukishona tena. Alifurahi kuliko kama angeambiwa kwamba vyote viko sawa.

Siku ya wazazi ilifika. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akaketi mstari wa mbele, mikono ameikunja kifuani. Watoto walitoka. Walisimama, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa maana walisimama vizuri mno. Wakakunja magoti pamoja. Wakainua visigino, wakabaki juu bila kutikisika, mikono imezunguka mbele kama inakumbatia kapu. Kiroboto alikuwa katikati, shingo ndefu, macho yanang'aa.

"Sasa tutaruka," Mwalimu akatangaza.

Kuruka! Jambo ambalo Kiroboto alizaliwa nalo. Muziki ulianza. Na hapo, mbele ya ukumbi mzima, Kiroboto akainua mkono.

Mama Soli alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Uso wa Baba ulikuwa umekaza.

"Mwalimu," Kiroboto akasema, sauti haitetemeki, "shavu la mguu linanivuta. Huu wa kulia."

"Asante kwa kuniambia," Mwalimu akajibu, kama vile ameambiwa saa. "Leo utacheza kwa mikono. Nani atamletea kiti?"

Kabla mtu hajajongea, Baba alikuwa ameshasimama. Mama Soli alifumba macho. Alipoyafumbua, mumewe alikuwa katikati ya ukumbi na kiti mkononi, unga bado kwenye nyusi. Akakiweka chini, akamkalisha binti yake.

"Unauma sana?" akamuuliza.

"Hapana, Baba. Umekaza tu. Nikiunyoosha utaachia. Ila nisiporuka leo, nitaruka Jumamosi."

Baba alirudi kwenye nafasi yake. Watoto wengine waliruka, na Kiroboto akacheza kwa mikono mpaka muziki ukaisha.

"Haya," Mama Soli akamwuliza mumewe kwa sauti ya chini. "Umeona mguu wake. Ndiyo mwisho?"

"Mwisho wa nini?" Baba akasema. "Mtoto anayejua kusema 'hapa pananivuta' mbele ya watu wote, huyo naweza kumwachia acheze. Mimi mwenyewe mgongo unaniuma mwaka wa pili, nani ameniona zahanati?"

"Kesho twende basi."

"Twende."

Jumamosi iliyofuata Kiroboto aliruka. Aliruka akiwa amenyooka, akatua kwa vidole kwanza, kisha kisigino, na magoti yamelainika, kama alivyofundishwa. Baba alikuwa akichungulia mlangoni. Alipiga makofi peke yake, katikati ya somo, mahali pasipo pake kabisa. Hakuna aliyemnyamazisha. Mwalimu alisubiri tu hadi amalize, ndipo akawaambia watoto waruke tena.