Kimya cha Sekunde Nne

Kimya kile kilikuwa kinapumua. Mkasi alikitazama kwenye kompyuta yake, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akakitazama tena. Kimya cha kawaida huonekana kama mstari ulionyooka, wenye vinyweleo viwili vitatu. Hiki kilipanda na kushuka mara nane, kama kifua cha mtu aliyelala.

Jina la Mkasi alipewa na makocha. Kazi yake ilikuwa kukata muziki wa vikundi vya dansi na wa mabinti wa jimnastiki, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, dirisha likiwa limezibwa kwa godoro kuukuu ili majirani na redio zao wabaki huko huko. Walimletea wimbo wa dakika nne, wakataka sekunde tisini, usiwe na neno hata moja la kuimbwa kwa sababu majaji hawataki maneno, na pale ulipounganishwa pasisikike. Halafu walisema, "Kazi ndogo tu hii, mama." Mkasi alishachoka kubishana nao.

Safari hii muziki ulikuwa wa binti yake mwenyewe, Panzi, aliyeanza kurukaruka kabla hajajua kutembea vizuri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na baada ya wiki mbili angechaguliwa msichana mmoja tu kwenda kushindana ng'ambo. Kocha alitaka wimbo usimame sekunde nne, hesabu nane kamili, kabla ya mkimbio wa mwisho. Panzi asimame kwenye kona, juu ya vidole, ukumbi mzima umngoje.

"Ila usiniwekee kimya cha kompyuta," kocha alimwambia. "Kinakuwa kama umeme umekatika."

Hapo kocha alisema kweli. Mkasi akafanya wanachofanya watu wa kazi yake: akaenda kurekodi kimya cha ukumbi wenyewe wa mazoezi, maana kila chumba kitupu kina mvumo wake, na mvumo huo ndio gundi ya kuunganishia. Alikwenda saa sita kamili mchana, mabinti wakiwa wamekwenda kula. Alilelewa kupiga hodi hata kwenye nyumba isiyo na mtu, na Panzi naye alimfundisha hivyo hivyo. Lakini siku hiyo kinasa sauti kilikuwa kimeshawashwa mkononi, na neno moja tu lingeharibu kazi. Akavua viatu, akaingia ameufumba mdomo kama mwizi, akarekodi dakika nzima, akatoka.

Jioni alikibandika kile kimya kwenye wimbo, akautuma kwa kocha. Kocha akajibu kwa picha ya dole gumba. Ni baada ya kuutuma ndipo Mkasi alipoona kile kifua kinapanda na kushuka. Akajiambia ni feni.

Siku ya kwanza ya mazoezi alikwenda kutazama. Wimbo uliposimama, Panzi aliinua uso kama anayeitwa, na ukumbi ukanuka majivu yaliyomwagiwa maji. Hesabu ya nane ilipofika akakimbia, akapinduka hewani mara mbili, akatua bila kishindo. Kocha akapiga makofi peke yake. Mkasi akafunga sweta.

Nyumbani alikifuta kile kimya. Asubuhi akakikuta pale pale, kwenye sekunde ya sitini na mbili. Akakifuta tena. Mchana, alipokuwa anatoka chumba cha nyuma, akasikia bomba linamwaga maji jikoni. Panzi alikuwa amesimama kwenye kona kando ya beseni la vyombo, juu ya vidole, uso juu, anapumua polepole. Maji yalikuwa yameshafika mlangoni.

"Panzi, unafanya nini?"

"Nasubiri, mama."

"Unamsubiri nani?"

"Aseme sasa." Alinong'ona, kama anaogopa kumkatiza mtu. "Jana, ulipoondoka, tukarudia, alichelewa kusema. Nikaangukia shingo."

Mkasi akamgeuza, akainua nywele zake, na palepale akaona shingoni alama nyeusi ndefu ambayo mtoto hakuwa ameilalamikia hata kidogo, akajua kwamba kitu kile hakikuwa na haja na muziki wala na mashindano, kilikuwa kinajifunza tu namna ya kumwambia mwanawe aruke na wakati wa kumwacha aanguke. Akafunga bomba. Akakaa kwenye maji.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mama yake mkubwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwaombea dua watu waliosumbuliwa. Bibi yule alimsikiliza huku anatafuta miwani iliyokuwa kichwani pake.

"Uliingiaje humo ukumbini?" aliuliza.

"Kimya kimya, mama mkubwa. Nilikuwa narekodi."

"Yaani umeingia nyumbani kwa mtu bila hodi, ukamkuta amelala, ukabeba pumzi zake kwenye mkoba. Sasa unaniuliza mimi kwa nini amekufuata?"

"Nitafanyaje?"

"Mrudishe. Saa ile ile. Ukishamaliza, toka nje upige hodi kama mtu aliyelelewa. Anayeitikia karibu ndiye mwenye nyumba. Akiitikia humo ndani, jua amefika kwake."

Wakaenda wote wawili, saa sita mchana. Mkasi akakipiga kile kimya mpaka mwisho katika ukumbi mtupu, mama mkubwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Kisha akakifuta kila mahali alipokiweka. Wakatoka, wakafunga mlango.

"Hodi," Mkasi alisema.

Ndani kukatulia. Halafu sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa, ikajibu taratibu: "Karibu."

Mama mkubwa alimshika mkono, wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Panzi alilala, alikula, alifanya mazoezi nyumbani bila muziki, aligombana na mama yake kuhusu vyombo, na Mkasi alifurahia ugomvi ule kuliko medali yoyote. Akakata wimbo upya, hauna kituo hata kimoja, na asubuhi ya mashindano ya kuchaguliwa akaukabidhi kwa kocha kwenye flashi.

Panzi alikuwa ameshapanda jukwaani, mikono juu, kocha alipokuja kuketi karibu na Mkasi.

"Flashi wameikataa," alisema. "Wanapiga ule niliowatumia wiki mbili zilizopita. Si wimbo ni ule ule?"

Muziki ukaanza. Mkasi akasimama, akaanza kushuka ngazi akiwakanyaga watu vidole na kuomba radhi kwa watu asiowaona, akihesabu moyoni kama alivyohesabu maisha yake yote, arobaini, arobaini na moja, na mwanawe anaruka vizuri kule chini, anatabasamu, hajui, hamsini na tano, na ile harufu ya majivu mabichi ikaanza kupanda kutoka kwenye spika kubwa, sitini, sitini na moja, na kizuizi cha chuma kikamzuia tumboni, mlinzi akamshika bega, na muziki ukasimama.

Watu elfu moja walinyamaza. Panzi alikuwa kwenye kona, juu ya vidole, uso juu, anapumua. Moja. Mbili. Tatu. Mkasi hakuwa na kitu kingine mkononi ila neno lile alilolibana siku ile, akalipaza kwa nguvu zake zote, akiomba kwamba ndani ya mwanawe asiitikie mtu.

"Hodi!"

Baadhi ya watu wakacheka. Panzi hakugeuza kichwa. Alifumbua mdomo polepole, na ikatoka sauti ile nzito, ya mtu aliyetulia kwake.

"Karibu."