Sauti Katika Chumba cha Shuka

Jua lilikuwa linazama dobi wa hospitali alipokwenda kuanua shuka za wodi. Kazi ya kila siku, mwaka wa kumi na moja sasa. Wenzake walimwita Chuma, maana hakuwa mtu wa kutishika.

Lakini wiki tatu hizi, akishika tu kitasa cha chumba cha kukaushia, moyo ulimwenda mbio. Jasho jembamba. Na sababu? Hakuna. Hakufiwa, hakugombana na mtu, watoto wazima.

Mama mkwe alisema, "Umetupiwa kitu, mwanangu."

Nesi wa zamu alimpima presha, akaona mwili hauna kasoro. "Ni wasiwasi, dada. Wakati mwingine huja bila sababu. Ukikushika, usikimbie. Kanyaga chini, pumua taratibu, mpaka upite."

"Rahisi kusema," alijibu Chuma.

Jioni hiyo akaingia chumbani. Shuka zilining'inia safu kwa safu, nyeupe. Harufu ya sabuni... na chini yake, harufu nyingine. Kama nywele zilizoungua.

Kisha akasikia pumzi.

Haa... haa... Nyuma ya safu ya tatu. Akibana pumzi, nayo inanyamaza. Akipumua, nayo inapumua.

Shuka moja ikatuna, kama imefunika uso.

"Kimbia," ikanong'ona.

Miguu ilishageukia mlangoni. Wiki tatu amekimbia, kazi akiiacha nusu, akiwadanganya wenzake kuwa tumbo linamsokota. Safari hii hasira zikampanda. Akapiga moyo konde, akakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili.

"Nikimbie nini?"

Akavuta shuka ya kwanza kutoka kwenye kamba.

"Si nakuuliza wewe! Nikimbie nini?"

Shuka ikatetemeka.

"...Sijui."

"Hujui? Yaani niache kazi yangu kwa kitu ambacho hata wewe hukijui? Kaa hapo hapo. Mimi nakunja."

Akakunja. Meno yakigongana, lakini akakunja, moja baada ya nyingine, akipumua taratibu. Alipofika safu ya tatu, akaivuta ile shuka kwa nguvu zote.

Hapakuwa na kitu. Ukuta tu, una joto, kama mtu ametoka kuuegemea sasa hivi.

Alimsimulia nesi, akitarajia kuchekwa. Nesi hakucheka. Alitazama mlango, akasogea karibu.

"Wewe inakwambia ukimbie?" akanong'ona. "Mimi huniambia ninyamaze."

Chuma akamshika mkono.

"Basi sema kwa sauti," akamwambia. "Isikie."