Mishi na Sahani ya Bi Kidawa

Mishi amekasirika. Amekasirika kutoka utosini mpaka vidole vya miguu.

Siku tatu nzima alifinyanga vyungu. Vyungu vitatu vidogo, vya kuchezea. Akavianika uani.

Mdogo wake, Mbwana, akaja akavikalia. Kacha, kacha, kacha. Vikawa vigae.

Mishi akaenda kumshtaki kwa mama. Mama alikuwa anachoma vitumbua, hata hakugeuka.

"Mdogo huyo, Mishi. Msamehe."

Mdogo huyo, mdogo huyo! Kila siku mdogo huyo! Mishi alitaka kupiga kelele, lakini akanyamaza.

Mama akapanga vitumbua vitano kwenye sahani ya maua. Sahani ilikuwa ya jirani yao, Bi Kidawa. Jana aliileta imejaa muhogo wa nazi. Na sahani ya jirani hairudi tupu. Mama akamtuma Mishi airudishe.

Mishi akatoka akikanyaga kwa kishindo. Di, di, di.

Hasira zikampanda. Mkono ukachukua kitumbua. Nyam, nyam, nyam. Hasira hazikushuka.

Akakumbuka vyungu vyake. Kacha, kacha, kacha.

Hasira zikampanda. Mkono ukachukua viwili. Nyam, nyam, nyam. Hasira hazikushuka.

Akakumbuka mgongo wa mama. Mgongo ambao haukugeuka.

Hasira zikampanda. Mkono ukachukua viwili vya mwisho. Nyam, nyam, nyam. Hasira hazikushuka.

Sasa tumbo limejaa ndi. Utamu hata hakuusikia. Na sahani haina kitu.

Mishi akaona aibu. Alitaka kurudi mbio, lakini Bi Kidawa alikuwa ameshamwona. Alikuwa mlangoni anatwanga mchele. Pu, pu, pu.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu."

Bi Kidawa akaitazama sahani. Akayatazama mafuta midomoni mwa Mishi.

"Ulikuwa na njaa?"

"Hapana," akasema Mishi. "Nimekasirika."

Machozi yakamtoka. Akaeleza yote: vyungu, Mbwana, mama, na vitumbua vitano.

Bi Kidawa hakumgombeza. Alisema hata yeye amekasirika tangu asubuhi. Mbuzi ametafuna kanga yake mpya, tena upande wenye maneno. Ndiyo maana anatwanga. Akampa Mishi mchi mdogo.

"Hasira haishibi, mwanangu. Ukiilisha, inabaki palepale. Iseme."

Mishi akainua mchi.

Pu! Vyungu vyangu!

Pu! Kanga yangu! akasema Bi Kidawa.

Pu! Siku tatu!

Pu! Mbuzi mlafi!

Pu! Kila siku mdogo huyo!

Wakatwanga mpaka jasho likawatoka. Hasira zikaanza kushuka, kidogo kidogo.

Bi Kidawa akachekecha unga. Akaujaza kwenye sahani ileile, akampa Mishi. Sahani haiendi tupu kwa jirani, hata siku kama hii.

Mishi akarudi nyumbani. Akasimama mbele ya mama.

"Mama, nimekula vitumbua vya Bi Kidawa. Sikuwa na njaa. Nilikasirika, na hukunisikiliza."

Mama akaepua kikaango. Akachuchumaa mbele ya Mishi.

"Niambie sasa, mwanangu."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Mbwana. Mbwana akaambiwa alete maji, akande udongo, amsaidie dada yake. Wakafinyanga vyungu vipya mpaka jua likapoa.

Mbwana akarudi nyuma kuvitazama. Pwata! Amekanyaga kimoja.

Hasira zikampanda Mishi. Mkono ukaenda kwenye bakuli la vitumbua vilivyobaki. Ukasimama.

Mishi akashika tumbo. "Tumbo, una njaa?"

Tumbo kimya.

Mishi akamgeukia Mbwana. "Nimekasirika. Umekanyaga chungu changu, na mimi nimekasirika sana."

Mbwana akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada." Akachukua udongo, akaanza kukifinyanga upya. Kilipinda upande, lakini kilisimama.

Hasira zikashuka.

Kabla ya kulala, mama akapika uji wa ule unga wa Bi Kidawa. Tumbo la Mishi likanguruma. Ngurr. Hiyo sasa ilikuwa njaa.

Mishi akanywa uji taratibu. Safari hii utamu aliusikia. Akalala.

Na asubuhi alipeleka sahani ya maua kwa Bi Kidawa. Vitumbua vitano vilifika vyote vitano.